Garaje ya njia ya Kipushi na kamyo 1924 ya muzee: freni nyota tano, umeme nyota mbili

Bon, hii naandika ju ya bale bako na kamyo ya zamani imelala mu lupango, majani imeota mpaka mu kabine, na kila wiki mutu wa mitraye (chuma kikuukuu) anapita kuuliza kilo ni ngapi. Kama ni Mercedes ya pua fupi, usiuze kwanza. Kuko garaje moja ku njia ya Kipushi, haina kibao, iko na kontenere mbili za bluu chini ya muti wa maembe, mashofere ba komini za Katuba na Kenya bote banaijua. Njo bale batengeneza yetu. Motere na freni, sijaona benye kubapita hapa Lubumbashi, ata zile garaje ziko na klimatizere mu biro na mademwazeli ya kupokea bateja. Umeme, hapana kabisa. Umeme upeleke kwingine, nitaeleza ju ya nini.

Yetu ni LK 1924. Kwa benye habajui ile majina: L ni kamyo, K ni ya bene ya kubinua, ukiona A katikati basi inavuta na pine za mbele pia. 19 njo tani za kamyo ikijaa, 24 ongeza sifuri, farasi 240. Njo maana 1113 ni tani 11 na farasi 130, 911 ni tani 9 na farasi 110, ukishajua hii hesabu hakuna mutu wa soko atakudanganya nguvu ya kamyo. Mercedes balianza kutoa hii pua fupi 1959, na zile nzito za kupeleka inje baliendelea nazo mpaka miaka ya 90. Ya muzee ilitumika mu mine, kisha ikauzwa, muzee akaibebesha mahindi na samaki ya Kasenga mpaka freni zikakataa, ikalala. Motere yake ni OM 355, silinda sita, litri 11.6, haina turbo, haina kompyuta, pistoni ya milimeta 128 inatembea milimeta 150, ni motere ya kuzunguka polepole na haiombi bintu mingi, paka oili safi na filtre.

Sasa kitu ya kwanza kila mutu alituambia, ata bale habajawahi kushika funguo namba 17, ni "toeni hiyo motere, wekeni ya Howo 371". Unajua vile mu Katanga Howo, kamyo ya Kichina, iko kila pahali, pyesi inauzwa ata ku barabara, na 371 njo farasi zake. Ku karatasi inapendeza. Tulifika ku ile garaje na hiyo fikra, mudogo wangu alikuwa ameshapata motere moja ya okazyo Likasi, amebakiza kulipa tu. Fundi mukubwa, siye tunamuita Vye, akasikiliza mpaka mwisho, akazunguka kamyo, akalala chini na toshi, akatoka akasema: "Badogo, mukiweka 371, giaboksi itapasuka, mukibadilisha giaboksi, difu itapasuka, mukibadilisha difu, mutakuwa mumenunua Howo ya kichwa ya Mercedes, na bado haisimame." Akaongeza kama redyateri haiingii pale pua bila kukata chuma ya mbele, na shasi ya zamani ukianza kuikata ovyo ovyo na kuisude, inapasuka pembeni ya ile sude, haipasuke siku hiyo, inapasuka siku uko na muzigo.

Hapo njo alinipata. Garaje ingine ingekubali tu, ju kazi ya kubadilisha motere ni mingi na pesa ni mingi. Huyu alikataa pesa mbele ya macho yetu. Alifungua motere, akapima, akabadilisha segima (ringi za pistoni) na kusineti (beringi za motere), kichwa ikapelekwa kusawazishwa, enjekteri zikajaribiwa ku mashine, pompi ya enjeksyo ya Bosch akaisafisha na kuirudisha. Ile pompi ya zamani ya mustari ni kitu ya kuheshimu kwa huku kwetu, ju mazutu tunanunua wakati mingine kwa ba kadhafi (bauzaji ba barabarani), mu bidoni, na maji ndani, na uchafu. Motere ya kisasa ya komoni reli (enjeksyo ya kompyuta) ikikunywa ile mazutu wiki mbili inakulilisha. Hii ya zamani inakohoa, unasafisha filtre, unaongeza chupa ya kutenga maji mbele ya pompi (njo kitu moja ya kisasa Vye aliweka ku motere, na ni ya bei chini), mwaenda.

Pyesi za OM 355 msiogope. Watu banasema "haipatikane tena", si kweli. Irani ilitengeneza hii motere na leseni miaka mingi, kwa hiyo Dubai bado kuko segima, kusineti, gasketi, pompi ya maji, na bafanyabiashara betu banaagiza kule kila mwezi. Paka muchunge kitu moja: muuzaji akikuletea pyesi ya 1113 na kusema ni sawa tu ju yote ni Mercedes ya pua fupi, rudisha. 1113 inatumia OM 352, litri 5.7, ni motere ndogo ya nusu, haina hata kitu moja ya kuingia humu.

Freni sasa. Hapa nitakaa kidogo ju njo kazi yenye ilifanya niandike.

Kamyo za ile myaka, mingi zilikuya na hewa ya mustari moja. Tangi, pedali, paipu, halafu pine zote. Paipu moja ikipasuka, hewa yote inatoka, kamyo nzima haina freni, unabaki na freni ya mukono ya kamba na Mungu. Yetu ilikuwa hivyo, na tena mutu alishaifunga mbele na bolti ju mpira ulipasuka, kumaanisha muzee alitembea myaka na freni ya nyuma peke. Alivyosikia hivyo ku garaje, muzee alicheka tu, akasema "lakini nilifika".

Vye alitoa yote. Yote, mpaka ile paipu ya shaba. Akaweka mustari mbili, tangi ya mbele na tangi ya nyuma kila moja peke yake, na vanne (valvu) ya kutenga katikati yenye ikiona upande moja unavuja inafunga, inaokoa upande mwingine. Nyuma akaweka pumo za resori (springi). Kwa mwenye hajui: ndani ya ile pumo kuko resori kali sana, hewa njo inaishikilia isifunge. Hewa ikiisha, resori inafunga freni yenyewe. Ni kinyume ya ile ya zamani, ile ya zamani bila hewa hakuna freni, hii bila hewa kamyo haitembee. (Na musijaribu kufungua hiyo pumo mu lupango kwenu. Iko na bolti yake ya kuikaza kwanza, bila hiyo bolti resori inaruka na kuua mutu, haina mchezo.) Kati ya kompresere na matangi akaweka chupa ya kukausha hewa, ju mu masika huku maji inajaa mu tangi, inakula vanne na kutu, na ile chupa kartushi yake inabadilishwa tu kama filtre.

Siku ya kujaribu, aliita mudogo wangu apande ku volani, akajaza hewa mpaka kisahani kikaonyesha bari 8. Kisha akaingia chini, akafungua skurubu ya kutoa maji ya tangi ya nyuma. Hewa ikatoka na makelele, vumbi ikaruka, watoto ba jirani bakakimbia. Kisahani ya nyuma ikashuka, ikashuka, alarme ikaanza kulia mu kabine. Ya mbele haikusogea, ilibaki pale pale. Vye akasema "tembeza polepole, kanyaga". Mudogo akatembeza, akakanyaga, kamyo ikashika na mbele peke, pua ikainama, ikasimama. Akasema "rudia". Mu kurudia, pumo za nyuma zikafunga zenyewe, pan, ju hewa iliisha kule, na kamyo ikakataa kusogea hata na vitesi ya kwanza. Vye akatoka chini, akapanguza mikono, akasema "hii sasa unaweza kumupatia mutoto wa mutu aendeshe". Sijaona garaje ingine hapa inajaribu freni kwa kuiharibu mbele ya mwenye kamyo. Kwa kawaida banakupatia funguo na kusema "endesha, utaona".

Tambure (ngoma za freni) alizipima moja moja, zingine akazipeleka kuturwa, moja akaikataa ju ilikuwa imeisha unene, tukalia juu ya bei, akasema tafuteni ingine ao mupeleke kamyo pahali pengine. Tukatafuta.

Lakini hapa hapa ku freni njo kuko kitu ilinikasirisha. Lambo (bitambaa bya freni) za zamani, zile za myaka ya 70, ziko na amianti (asbesto) ndani. Ile vumbi yake ikiingia mu mapafu haitoke, inaleta ugonjwa myaka mingi baadaye, ata kansa. Na bale badogo ba garaje balikuwa banapuliza tambure na hewa ya kompresere, bila kitambaa ku mdomo, wingu ya vumbi, na mama mwenye kuuza bikwanga iko pale mita tano. Nikamwambia Vye, akasema balizoea. Nikamwambia muwaambie balowanishe na maji kwanza, ni ndoo moja tu ya maji. Siku ile balilowanisha. Kama bado banalowanisha leo, sijui kusema hivyo. Kama unapeleka kamyo yako pale, sema wewe mwenyewe, na baki mbali.

Volani ilikuwa na idroliki zamani, lakini pompi ilishatolewa na mutu, shofere alikuwa anabeba kamyo na mabega. Vye akaweka pompi mupya na paipu mupya, boksi akaibadilisha mafuta na sili tu, sasa unageuza na mukono moja ukiwa umesimama. Kingpini na bushi za mbele mupya. Hakuna zaidi ya kusema, kazi safi.

Pine: tulitoka ku 12.00-20 yenye chambre (mpira wa ndani) na sekle (ringi ya janti), tukaenda ku 315/80R22.5 yenye haina chambre. Kwado (bafundi ba pine) bote ba njia bananishukuru, ju ile sekle ya chuma ikiruka wakati wa kujaza hewa inaondoa kichwa, na kwado mingi hawana kizimba ya kujazia. Radyali pia inapoa zaidi mu safari ndefu. Paka mujue, 12.00-20 iko na kimo ya karibu mita 1 na sentimeta 12, ile 315/80 ni karibu mita 1 na sentimeta 7 ao 8, maana yake kamyo inapoteza kama kilometa 4 kwa kila 100 ku vitesi ile ile, na saa ya kilometa inadanganya kwa kuongeza. Kwa siye wa muzigo ni sawa, ata inasaidia ku kupanda. Mwenye anataka kukimbia njia ya Kolwezi, achunge hiyo. Tena janti za kisasa zinakaa ku moyo wa hebu, za zamani zilikuwa zinashikiliwa na koni ya nati, kwa hiyo nati za zamani na janti za kisasa havipatani, Vye alibadilisha nati zote na gujo (bolti za pine), mwaomba bafanye hivyo hivyo kwenu.

Kabine alitengeneza kidogo: mkanda ya kiti ya pointi tatu, na chini ya bati akaweka plati nzito ya chuma ju bati peke ingechanika. Sponji ya kuzuia makelele ya motere. Bado ni moto mule ndani, pua fupi njo hivyo, nusu ya motere iko kati ya magoti yenu.

Umeme, jamani.

Fundi wa umeme si wa garaje, ni kijana mwenye anakuya na kupita, na njo tatizo. Kamyo ni volti 24, alternatere akaweka mupya ya ampere 80, hapo sawa. Fari akaweka za nguvu, taa za nyuma za ledi, taa za pembeni, bipi ya kurudi nyuma, GPS. Yote nzuri ku macho. Lakini fari zote alizipitisha moja kwa moja mu swichi ya dashi, bila relé (swichi ndogo ya kubeba umeme mingi), swichi ikaanza kupata moto mpaka inanuka plastiki. Nyaya amezifunga na skoshi (tepi) nyeusi, skoshi peke, na chini ya kabine zinagusana na ukingo wa shasi penye kuna makali. Fizibu moja ya ampere 30 kwa kila kitu. Mu masika ya kwanza, taa za nyuma zikaanza kuwaka vile zinataka, ukikanyaga freni inawaka taa ya kugeuka kushoto, polisi ba ruti bakatukamata na siwezi kubakatalia. Mbaya zaidi, kamyo inaweza kuungua si ju ya motere, ni ju ya waya moja ilisuguana. Nilirudi, yule kijana akasema "hiyo ni paneli ya zamani, si mimi". Vye akakasirika naye lakini hakurudisha pesa. Nyota mbili, na ya pili ni ya alternatere.

Bei. Hawana devisi (karatasi ya makadirio ya bei). Vye anaandika ku kipande ya karto, na ile karto ikipotea bei inaanza upya. Kazi ya mikono tulilipa karibu dola 2.800, pyesi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo, kubwa zaidi ni pine na janti, kisha freni. Ukiongeza yote ni pesa ya kamyo ndogo ya Kijapani ya okazyo, nakubali. Lakini ile ndogo haibebe tani za hii. Mwende na kayé yenu, muandike kila kitu pale pale, mumupatie asaini, hakasiriki. Muda walisema ni mwezi, msiamini, na bakikosa pyesi kamyo inalala na benye kamyo banalala nayo. Kwa upande mwingine, kila pyesi ya zamani bakaniwekea mu gunia, nikaangalia yenyewe, hakuna kitu ilipotea, ata bolti. Hiyo kwa Lubumbashi ni kitu.

Neno moja kwa bale banataka kupita mupaka wa Kasumbalesa. Kamyo imeandikwa tani 19, lakini limiti za COMESA (soko la pamoja la Afrika ya Mashariki na Kusini) ni tani 8 ku esyé (ekseli) ya mbele na tani 10 ku esyé ya nyuma yenye pine nne, jumla 18. Maana yake ukijaza vile Mercedes aliandika, pondereza (mizani ya kamyo) ya upande wa Zambia inakukamata na tani moja. Tena kule banatembea kushoto na volani yako iko kushoto, kupita kamyo ingine unahitaji mutu wa kukuangalilia. Siye tumeamua haivuke, inabaki kwetu.

Kwa hiyo: motere, freni, volani, pine, peleka kwa Vye macho imefungwa, paka usikubali akufanyie umeme ata kama ni balbu moja. Nimepata fundi mwingine Kampemba, mwenye alifanya kazi mu mine, anatoa nyaya zote na kuanza upya, kila taa na fizibu yake na relé yake, nyaya ndani ya bomba. Ni ghali. Mpaka amalize, 1924 inapakia simenti Likasi inarudi, mchana tu, na mudogo amekatazwa kuwasha fari.